Muulize Babu wa Muhuri: Cherehani iliyonirudisha mpakani

Swali

Babu, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimezaliwa Wete, Pemba, na kazi yangu ni kushona. Mume wangu ni mvuvi, yuko Mayungu, upande wa Malindi, Kenya. Wao ni Wapemba wa huko huko. Babu yake alikwenda dago, kambi ya wavuvi wa mbali, na jarife lake, ule wavu mkubwa, enzi za mkoloni, akaoa, asirudi tena. Wapemba wa Kenya walipotambuliwa mwaka 2023, naye akapata kitambulisho cha Kenya. Nikaha yetu ilifungwa Wete 2022.

Safari ya kwanza nilikwenda kwa njia: meli mpaka Tanga, basi, na mpakani nikagongewa muhuri wa mwezi mmoja. Nikakaa miezi mitatu. Najua ni kosa. Kila siku tulisema kesho tutakwenda kuongeza siku, na kesho yake bahari ikawa nzuri, akaenda kuvua. Siku moja baada ya alasiri ikaja simu kuwa baba hali yake mbaya, na kabla sijafunga mkoba ikaja ya pili kuwa ameshatutoka. Kwa basi na meli nisingewahi. Mume wangu akanipeleka Shimoni usiku ule ule, akanipandisha boti ya wenzake, na alfajiri tukashuka Msuka, huku Pemba. Nikawahi kumuona baba kabla jeneza halijatoka. Paspoti ilikuwa mkobani muda wote. Haikugongwa kutoka wala kuingia.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya Ramadhani, nikafunga safari tena. Mpakani afisa akaniuliza nakwenda wapi, nikasema kutembea. Kwa nani? Kwa jamaa. Akafungua paspoti, akaniuliza, "Mbona wewe bado uko Kenya?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Akaniambia nifungue mkoba, akakuta kichwa cha cherehani nimekizongazonga kanga. Nikapewa karatasi, nikarudishwa. Nikalala Tanga kwa mke wa baba mdogo, na kesho yake nikapanda meli na cherehani yangu.

Sasa mimi ndiyo nimekatazwa Kenya? Mume wangu ana rai tatu: nipite mpaka mwingine wasikonijua, au nikaripoti paspoti imepotea nipate mpya isiyo na muhuri ule, au anifuate kwa boti kama mwanzo, yaishe. Mama yangu anasema nitulie, mume akitaka mke atakuja. Tangu nirudishwe sijafungua ule mkoba.

*Mke wa mtu wa dago, Wete*

Jawabu

Marahaba, mjukuu wangu, na Mungu amrehemu mzee. Jina la kituo ulichokitaja, na ulivyomueleza yule afisa, nimevifuta. Barua yako inatosha bila ya hivyo.

Nianze na lile swali lililokuchekesha, maana kesi yako yote imo humo. Mbele ya macho yake palikuwa na muhuri wa kuingia wa mwezi mmoja, na wa kutoka haupo. Kwa karatasi, hukuwapo kwenye msiba wa baba yako. Kwa karatasi, hujashona hata gauni moja Wete tangu siku ile. Uko Mayungu, siku zako zimekwisha zamani, na sasa umesimama dirishani unaomba kuingia mahali ambapo hujatoka. Mimi nimekaa na muhuri mkononi miaka 31, bandarini na nchi kavu, na ningekurudisha vile vile. Labda ningekuagizia chai kwanza.

Kisha cherehani. Watu hudhani afisa anasoma paspoti, kumbe jicho lake liko kwenye mkoba. Mtu wa kutembea hubeba nguo za wiki, chupa ya mafuta ya karafuu, zawadi za watoto. Aliyebeba kichwa cha cherehani ama anakwenda kufanya kazi ama anahama, na ruhusa ya mgeni haimpi hata moja katika hayo mawili. Ungesema tangu mwanzo "nakwenda kwa mume wangu, huyu hapa na cheti cha ndoa hiki hapa", bado angekuuliza habari ya ule muhuri, lakini mngekuwa mnazungumza. Wewe ulisema jamaa. Mume umemfanya jamaa, mjukuu wangu! Hilo ukimwambia mwenyewe litamuuma kuliko kurudishwa.

Nami nina deni katika jambo hili. Miaka ya tisini nilimrudisha mwanamke wa upande wa pili aliyeshuka na mbuzi ya nazi mkononi, anasema amekuja matembezini. Nani huja matembezini na mbuzi ya nazi? Nikamrejesha kwa chombo kile kile alichokuja nacho. Asubuhi yake mumewe akaja ofisini, hakupiga kelele, akaweka cheti cha ndoa mezani, akakaa kimya mpaka nikaona haya. Wiki ya pili mke akaja tena na mbuzi yake ile ile, nikamuuliza anakwenda wapi, akanitazama usoni: "Kwangu." Nikagonga. Mpaka leo akinikuta sokoni huniuliza kama nataka kulikagua kapu lake.

Tuje kwenye neno lako, "nimekatazwa Kenya". Kurudishwa siku moja na kupigwa marufuku ni vitu viwili. Anayerudishwa amekataliwa safari ile, kwa makaratasi yale na maneno yale. Akirekebisha kilichokosekana anaweza kusimama tena dirishani. Aliyepigwa marufuku ni mwengine. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011, kifungu cha 33, inawataja watu wasiotakiwa kuingia, na ukishaandikwa humo hutoki kwa kupanda basi jengine. Wewe uko upande gani? Jawabu liko kwenye ile karatasi uliyopewa, ambayo hukuninukulia hata mstari mmoja. Bila shaka imo kwenye mkoba usiotaka kuufungua. Fungua. Tazama kama imeandika sababu tu, au imetaja kuwa umetangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku. Kama huielewi, ipige picha umpelekee mume. Naye aende ofisi ya uhamiaji Mombasa na kivuli cha paspoti yako, aulize jina lako limekaaje kwenye mitambo yao. Aulize kwa adabu, asubuhi, na asiende na wenzake watano wa botini.

Haki ya kuingia unayo, na uijue. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kazi Julai 2010, na kwa itifaki hiyo raia wa nchi mwanachama huingia nchi nyengine bila viza na anaweza kupewa mpaka miezi sita, bila ya malipo. Hata ule utaratibu wa Kenya wa kuomba idhini ya safari kwa mtandao, ulioanza Januari 2024, haukuhusu Mtanzania. Lakini haki hiyo inataka hati halali ya safari, na nchi imeachiwa mlango wa kukataa kwa ajili ya usalama, afya au utaratibu wa umma. Na usije ukadanganywa na wanaosema kitambulisho kinatosha. Waliokubaliana kuvuka kwa vitambulisho mwaka 2014 ni Kenya, Uganda na Rwanda, sisi hatumo. Kitambulisho chako cha Mzanzibari mkaazi kitakufikisha Tanga na kurudi.

Sasa rai za bwana harusi. Namwita hivyo kwa sababu ana haraka za bwana harusi.

Ya kwanza, mpaka mwingine. Horohoro, Holili, Namanga, Sirari, chagua unaoutaka: jina linasafiri kabla yako. Zamani, enzi zetu za daftari kubwa lenye jalada jekundu, mtu aliweza kurudishwa huku Jumatatu akapita kule Alhamisi. Siku hizi afisa anaingiza namba ya paspoti, na swali la kwanza atakalokuuliza ni kama umewahi kukataliwa. Ukisema hapana, umeongeza uongo juu ya kosa la siku, na kosa la siku lilikuwa dogo.

Ya pili, paspoti mpya. Shilingi 150,000, kwa kitabu cha miaka kumi ambacho tayari unacho. Utakwenda polisi kusema kimepotea hali kiko kabatini, hilo ni kosa hapa kwetu, achilia mbali Kenya. Isitoshe, muhuri unaoutoroka hauko kwenye kitabu peke yake. Umo kwenye kumbukumbu za waliougonga, pamoja na jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa.

Ya tatu ndiyo inayonigusa, kwa hivyo nitakaa nayo kidogo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa akienda Mombasa kama wewe unavyokwenda Chake. Hakuwa mhalifu. Ule ukanda wa maili kumi wa Mwambao, kutoka Vanga kwenda juu, ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar mpaka Oktoba 1963, alipokubaliana Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, Mpemba mwenzetu, na Jomo Kenyatta, ukabaki Kenya moja kwa moja. Babu wa mume wako alipotupa jarife lake Malindi alikuwa bado hajahama, ameenda dago tu. Mstari ukamkuta huko. Wajukuu zake wakakaa miaka bila kitambulisho cha upande wowote, na ndiyo maana 2023 watu wazima walilia Kilifi kwa kupewa kadi ya plastiki. Kwa hiyo sikushangai wewe wala yeye mkiona bahari ile ni uwanja wa nyumba moja. Na boti iliyokuleta kwenye msiba, mimi siisemi.

Ila boti ya kwenda ni nyengine. Utashuka Shimoni au Vanga bila muhuri, mtafika Mayungu salama, mtafurahi. Mwezi wa pili utaugua, au utakuwa na ujauzito, na kila mlango utakaopiga hodi utaulizwa kitambulisho. Gari ya Mombasa itasimamishwa njiani, na abiria wote watatoa kadi isipokuwa wewe. Ukikamatwa ndani ya nchi hujagongewa, baada ya kurudishwa mara moja, hapo ndipo marufuku ya kweli huanzia, na faini, na mahakama, na mume wako naye atakuwa na la kujibu kwa kukuhifadhi. Kitambulisho chake kina miaka michache tu, na amekisubiri vizazi viwili. Bado sijazungumza habari ya mkondo wa Pemba wakati wa kusi, ambao mume wako anaujua kuliko mimi, na ndiyo maana hashangazi akiudharau.

Basi ufanye nini? Kwanza maliza habari ya muhuri uliokosekana. Nenda ofisi ya uhamiaji ya mkoa hapo Wete, ueleze ulivyorudi na siku uliyorudi. Utasemwa, vumilia. Chukua cheti cha kifo cha baba, na barua ya sheha inayotaja kuwa tangu tarehe ile uko shehiani. Kama uliwahi kwenda kituo cha afya, chukua kadi yako. Kama wateja wanakulipa kwa simu, omba taarifa ya miamala. Mtu aliye Mayungu hapokei fedha za mshono kutoka Jadida na Limbani kila Ijumaa. Hivyo vyote havifuti kosa la kuzidisha siku, na unaweza kutozwa faini kwa hilo. Faini hulipwa, ikaisha. Vinaonesha kuwa ulitoka, na lini.

Kisha acha kuitwa mgeni. Mke wa raia wa Kenya anaweza kuombewa ruhusa ya mtegemezi, na anayeomba ni mume, kwa mtandao wa serikali yao uitwao eCitizen, akiwa na kitambulisho chake, cheti chenu cha ndoa na paspoti yako. Nimesema cheti. Ile karatasi aliyoandika shehe siku ya nikaha na mashahidi wawili wakatia saini ni nzuri mbele ya Mungu, lakini kama haijasajiliwa mkapata cheti chenyewe, anza na hilo kesho. Na mkiwa hapo hesabuni miaka. Kwa sheria ya Kenya, mwenzi wa raia aliyetimiza miaka mitatu ya ndoa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na kwa Katiba yao ya 2010, akitimiza saba anaweza kuomba uraia. Nikaha yenu ni ya 2022, hiyo mitatu mnaihesabu kwa vidole. Uraia usiukimbilie. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na ukishachukua wa huko, utarudi Wete kwenye kaburi la baba yako kwa kugongewa muhuri.

Wakati hayo yanakwenda, mama yako amesema neno. Mume aje. Raia wa Kenya hahitaji viza kuingia Tanzania. Achukue paspoti, apite mahali penye afisa, agongewe, na akiondoka agongewe tena. Asije kwa boti hata kama watu wote wa Msuka wanamwita shemeji. Ninajua itamchoma kuulizwa "umekuja Pemba kwa shughuli gani" na kijana aliyezaliwa juzi. Amjibu kwa ufupi: kwa mke wangu.

Na siku utakayokwenda, cherehani iache. Ukishakuwa na ruhusa ya kukaa mtaulizia kule kule habari ya kibali cha kazi, na mashine utanunua Malindi.

Swali

Babu, mke wangu yuko Uingereza, ni mlezi wa wazee, alikwenda mwishoni mwa 2024. Niliomba viza ya kumtembelea, nikakataliwa kwa kuwa "hawakuridhika kwamba nitarudi". Nikate rufaa au niombe upya? Na nikiomba upya lazima niseme kuwa nilikataliwa?

*Msubiri, Chake Chake*

Jawabu

Rufaa ya viza ya kumtembelea jamaa waliiondoa Juni 2013, isipokuwa kwa hoja za haki za binadamu, na hizo si za kumtembelea mke wiki tatu. Omba upya, hakuna muda uliowekwa wa kungoja kwanza. Na ndiyo, useme. Fomu inakuuliza kukataliwa na nchi yoyote, si wao peke yao, na wanaokudaka na uongo wanaweza kukufungia miaka kumi.

Ulinipelekea kivuli cha maombi yako, nami nimekisoma. Kwenye taarifa ya benki kuna milioni nane zilizoingia Jumatatu, na taarifa umeichapisha Alhamisi. Kabla ya hapo akaunti ilikuwa na shilingi 41,000. Hata mimi, niliyestaafu na miwani imevunjika mkono mmoja, nimeliona. Fedha za kuazima usizitie. Kama nauli atalipa mke, sema analipa mke, na utie hati zake za mshahara. Weka barua ya mwajiri wako yenye tarehe ya kurudi kazini, na karatasi za ile nyumba unayoijenga. Mtu hatoroki nyumba aliyofikisha lenta.

Kwenda kukaa naye moja kwa moja ni habari nyengine. Waliokwenda kwa viza ya kazi ya ulezi tangu 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuchukua mwenza wala watoto, na mke wako amekwenda baada ya hapo. Usikubali kumlipa mtu yeyote mjini anayekuahidi kukupitisha kama mtegemezi wake. Kwa sasa njia yako ni kutembelea, au yeye aje likizo.

Swali

Babu, wewe si una rafiki zako idarani? Nisemee.

*Kijana, Micheweni*

Jawabu

Wote wamestaafu, kijana. Tunacheza bao.